Uzi: Mnaokwenda Arusha kupanda farasi kikundi, msigandane mkiani

Saisi Mstaafu

Wadau habari za saa hizi. Mimi mtu wa Mikindani, nimezaliwa hapa hapa, ila nimekula miaka kumi na moja kaskazini nikifanya usaisi, yani kulisha farasi, kuwapiga brashi, kuwafunga tandiko na kuwasindikiza wageni porini. Nimerudi nyumbani mwaka wa pili huu, nina mikorosho yangu na kijibanda cha juisi, maisha yanaenda. Sasa kuna watu tisa wa hapa Mtwara mjini wamechanga hela ya korosho, Desemba wanapanda basi kwenda kutembea Arusha, na kwenye ratiba wameweka kupanda farasi wote kwa mpigo. Mmoja akanitania saisi tupe darasa basi, nikaanza kuandika ikawa ndefu, nikaona niishushe huku na wengine wafaidi.

Watu wakifikiria farasi wanaogopa kuanguka tu. Kuanguka kupo, sikatai, lakini kwa miaka yangu yote kule vurugu nyingi nilizoziona hazikuanzia kwa farasi mmoja na mtu wake, zilianzia kati ya farasi na farasi, kwa sababu mtu wa nyuma kamsogelea wa mbele mno.

Nitawapa kisa kimoja. Tulikuwa na farasi jike, mwekundu mwenye doa jeupe usoni, mpole ukiwa juu yake, mtoto wa miaka nane anampanda. Ila nyuma yake hataki mtu. Kila tukitoka tunamfunga utepe mwekundu kwenye mkia, na hiyo ni alama ya watu wa farasi, Uingereza wanaifunga na Marekani pia, ukiona mkia una chekundu maana yake huyu anapiga teke, kaa mbali. Nikawaambia wageni kabla ya kutoka, nikawaonyesha na utepe wenyewe. Njia nzima kuna bwana mmoja yuko nyuma ya yule jike, simu mkononi anarekodi, hatamu kaziachia, na farasi wake naye anataka kunusa mkia wa mwenzie. Nikamwambia mara ya kwanza boss rudi nyuma kidogo. Mara ya pili. Mara ya tatu nikaona masikio ya yule jike yamelala nyuma kabisa yamegandana na shingo, mkia unachapa kama fimbo, nikafungua mdomo nimwite, sikumaliza. Mlio ulikuwa kama mtu kapiga mlango wa bati kwa nyundo. Teke halikumpata farasi, lilimpata yule bwana kwenye mfupa wa mbele wa mguu, chini ya goti. Ilibidi abebwe. Na barua ya onyo nikaandikiwa mimi.

Kwahiyo naongea kwa uchungu kidogo mnisamehe. Nauliza na nyie mlioshawahi kupanda mlete yenu.

Boda wa Ligula

Nimeweka kambi hapa na ming'oko yangu ya moto. Tiririka mkuu.

Mchinga Mbili

Saisi samahani, hivi watu wa kusini na farasi wapi na wapi? Huku hata punda wa kuhesabu. Hayo mambo ya kizungu hayo, hela ya korosho watu wakaezeke bati.

Saisi Mstaafu

@Mchinga Mbili bati wameshaezeka ndo maana wanatembea 😂. Halafu huo usaisi wenyewe umenisomeshea watoto wawili, kwahiyo uuite wa kizungu ukitaka, mimi niuache hivyo hivyo.

Mtaalamu wa Mifugo (mstaafu)

Mchinga Mbili kauliza la maana ingawa kalitupia utani. Farasi huku hawakuzoeleka kwa sababu ya mbung'o. Mbung'o anabeba vimelea vya nagana, ng'ombe akiumwa anakonda, farasi ndo kabisa hamalizi safari. Na kuna ule ugonjwa wenyewe unaitwa ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaenezwa na visubi vidogo vinavyouma usiku, punda anahimili kiasi, pundamilia hata haumwi, farasi anakufa. Ndo maana kule kaskazini farasi wanachanjwa na jioni wanarudishwa bandani mapema.

Na watu wa Mikindani mnajua hii habari kuliko wote. Mwaka 1866 Livingstone alishuka hapo Mikindani kuanza safari yake ya mwisho, akaja na ngamia, nyati wa Kihindi, nyumbu (wale chotara wa punda na farasi, sio wa porini) na punda, alitaka aone kama kuna mnyama wa mizigo atakayestahimili mbung'o. Walianza kupukutika wakiwa bado njiani kuelekea Nyasa. Yeye mwenyewe aliandika kwamba si mbung'o peke yake, waliokuwa wanawaswaga waliwapiga na kuwabebesha kupita kiasi.

Samahani kwa kutoka nje ya mada, endeleeni.

Mama Korosho

Mimi ni mmoja wa hao tisa 🙈 Kaka saisi asante kwa kutukumbuka. Swali langu la kwanza, hiyo mbali ni mbali kiasi gani? Maana unasema kaa mbali, mwingine mbali yake ni hatua mbili mwingine ni kutoka Bima hadi Shangani.

Saisi Mstaafu

Dada hapo umegusa penyewe. Kanuni ni farasi mmoja mzima aweze kuingia katikati yenu, mita mbili na nusu hivi. Ila ukiwa juu huwezi kupima mita kwa hiyo sisi tulikuwa tunawafundisha wageni hivi: tazama mbele kupitia katikati ya masikio ya farasi wako. Kama unaziona kwato za nyuma za farasi wa mbele zikikanyaga chini, uko salama. Kama unaona mkia tu na kwato zimefichwa na kichwa cha farasi wako, umesogea mno, mvute taratibu. Mkishuka mteremko ongezeni, farasi wawili waingie hapo katikati, maana wa mbele akijikwaa au akisimama ghafla wewe huna pa kwenda, uzito wote unakusukuma chini.

Na msimame pia kwa nafasi. Watu wengi wanakumbuka wakiwa wanatembea, wakisimama kupiga picha wanakusanyika kama wanasubiri mnada wa korosho, matako ya farasi yanaangaliana, hapo ndo mateke yanapotoka.

Kijana wa Mitwero

Mkuu mimi nilipanda Zanzibar ufukweni mwaka jana, farasi wangu mwenyewe alikuwa anamgandia wa mbele, mimi sikumwambia kitu. Yule muongozaji hakusema lolote. Nadhani farasi wanajuana bana, wanatembea pamoja kila siku, muache aende anavyotaka.

Saisi Mstaafu

@Kijana wa Mitwero hapana. Ni kweli farasi anapenda kugandana, ni mnyama wa kundi, kwake kuwa karibu na mwenzie ndo usalama. Lakini anapenda kuganda haina maana yule wa mbele anapenda kugandwa. Macho ya farasi yako pembeni ya kichwa anaona karibu duara lote, sehemu asiyoona ni nyuma ya mkia wake moja kwa moja na hapo mbele ya paji la uso. Sasa wewe umejiweka palepale asipoona. Anasikia tu mtu anapumua. We ungekuwa unatembea usiku njia ya Naliendele ukasikia mtu anakupumulia kisogoni usiyemuona ungefanyaje?

Ufukweni Zanzibar ulikuwa na bahati, pia kule ni wazi. Njia nyembamba ya msituni ni kitu kingine.

Boda wa Ligula

Hii mbona ni msafara wa harusi kabisa 😂😂 Juzi kati tulisindikiza bwana harusi boda ishirini na kitu kutoka mjini kwenda Mikindani, kwenye ule mteremko wa mwisho jamaa mmoja kagandana na boda ya mbele, ya mbele ikaona mbuzi ikafunga breki, basi wakaanguka watatu kwa mpigo suti zikachanika. Tatizo kila mtu anataka atokee kwenye video.

Saisi Mstaafu

Hahaha kweli kabisa. Tofauti ni kwamba boda ya mbele haina miguu ya kukurudishia.

Nang'olo wa Newala

Mimi nimekaa Kenya na wazungu wanaopanda kwa ushindani, kwahiyo nina la kusema. Nakubaliana na nafasi. Nisichokubaliana ni hii tabia ya masaisi kutulazimisha wote twende mwendo wa kobe kwa sababu kuna mmoja anaogopa. Nimelipa hela yangu, najua kupanda, niachie nipige shoti mbele nitawasubiri.

Saisi Mstaafu

Mkuu shikamoo kwanza maana naona ni mtu mzima. Hapo tutabishana mpaka alfajiri.

Ukipiga shoti ukaondoka, unaowaacha hawabaki wametulia. Farasi akiona mwenzie kakimbia hajui wewe umelipa hela, anajua kuna kitu kimemkimbiza. Wale wengine wataanza kuruka ruka, kuvuta kichwa, mmoja wapo atakufuata kwa nguvu, na juu yake yuko huyo anayeogopa. Nilishaona dada mmoja anapitishwa chini ya mgunga kwa namna hiyo, miiba ilitolewa begani kwa kibano nusu saa nzima. Aliyepiga shoti alikuwa mbele huko anajirekodi, hata hakujua.

Mwendo wa kundi ni wa yule asiyejua. Ukitaka kukimbia sema KABLA hamjatoka bandani, mgawanywe makundi mawili, kila moja na saisi wake na njia yake, msionane. Ila ndani ya kundi moja, kabla ya kubadili mwendo wa mbele anauliza, jamani tuko tayari? Akijibu mmoja hapana, hamna kukimbia. Mwendo wenyewe ule wa kudundadunda kamusi inauita matiti, msicheke, mimi nilicheka miezi sita ya kwanza nikaacha.

Mchinga Mbili

Nimecheka. Sijaweza kuacha.

Nang'olo wa Newala

Marahaba. Hoja ya kugawanya makundi naikubali. Hizo nyingine bado naona mnawalea watu.

Mama Korosho

Mimi ndo huyo anayeogopa kwahiyo nileeni tu 😅. Maswali mengine kaka: je nikitaka kumpita aliye mbele? Na mavazi, mimi navaa mtandio na dira, inafaa?

Saisi Mstaafu

Kupita: usipite kimya kimya. Sema kwa sauti ya kawaida, napita kulia kwako, subiri akujibu, halafu pita kwa kutembea tu, mbali na matako ya farasi wake, na usijipenyeze katikati ya wawili. Kama njia ni nyembamba subiri ipanuke, hakuna tuzo mbele. Na kama aliye nyuma yako ana haraka na wewe umechoka, tafuta pembeni, geuza farasi wako AANGALIE njia, uso kwa wanaopita, matako yaangalie kichaka. Hiyo ndogo lakini inaokoa.

Mavazi: dira hapana dada yangu. Suruali ndefu ndani na viatu vya kufunika mguu vyenye kisigino kidogo ili mguu usipenye kwenye kile chuma cha kukanyagia ukanasa. Mtandio uvae lakini uchomekwe ndani ya shati, usiachie ncha inapepea. Farasi wako anaweza akawa kakuzoea, wa nyuma yako akiona kitambaa kinaruka ruka akadhani ni ndege kamjia usoni. Kofia ngumu utapewa hapo, ifungwe kidevuni, kofia isiyofungwa ni pambo.

Na kabla ya kupanda mkumbushe saisi akaze tena ule mkanda wa tumboni. Farasi wengine wajanja, wakifungwa wanajaza tumbo upepo, mkitembea dakika kumi anautoa, tandiko linazunguka na wewe unaenda nalo chini ya tumbo.

Fundi Simu Nachingwea

Nimependa hiyo ya kujaza upepo, kumbe hata wanyama wanakwepa kazi.

Mwalimu wa Lindi

Mimi nina kundi la baiskeli, Jumamosi tunatoka Lindi mjini tunafika Mingoyo tunarudi. Tuna utaratibu wa mtu wa mbele kupaza sauti akiona shimo, na kila mmoja anarudisha nyuma kwa mwenzie. Huko kwenye farasi vipi, mnapiga kelele au mnawashtua?

Saisi Mstaafu

Mwalimu ni hivyo hivyo, ila sauti ya chini na ndefu. Shimooo. Tawiii. Gariii. Kila mtu anamrudishia wa nyuma yake mpaka mwisho. Usipige ukunga. Na la tawi naomba nilisisitize maana watu wanakosea kwa nia njema: ukikuta tawi limekatiza usilishike ukalivuta nalo ukaliachia. Wewe umepita, likirudi linamchapa wa nyuma machoni, yeye au farasi wake. Liache, inama.

Maji sasa. Mkifika kijito farasi wakataka kunywa, wote wanasubiri mpaka wa mwisho kainua kichwa. Nimeona kundi limegawanyika mtoni, sita wamevuka wakaondoka, mmoja bado anakunywa. Yule farasi kuinua kichwa hawaoni wenzake. Alilia mlio ambao ukiusikia mara moja huusahau, mwili mzima unatetemeka, akageuka papo hapo majini, mama wa watu akabaki amekaa kwenye maji mpaka kiunoni na miwani yake mkononi. Hakuumia, ila aligoma kupanda tena tukarudi naye kwa miguu, kilomita nne, mimi nimeshika farasi wawili.

Wakati wa kupanda hivyo hivyo. Hakuna kuondoka mpaka wa mwisho kakaa sawa na miguu yote miwili iko mahala pake. Mtu akiwa mguu mmoja chini mmoja juu, wengine wakianza kutembea, farasi wake anaanza kuwafuata, anabaki anaruka mguu mmoja kama kunguru.

Boda wa Ligula

Na farasi akitoka nduki na mtu juu? Si mnamkimbiza mkamshike?

Saisi Mstaafu

HAPANA. Hili watu wote walisome. Msimkimbize. Ukimfuata mbio anasikia kwato nyuma yake anaongeza, sasa mnashindana. Wote mnasimama pale mlipo mmetulia, saisi wa mbele anaangalia la kufanya. Mara nyingi yule akifika mbali akaona kundi limesimama, anapunguza anageuka kurudi kwa wenzake. Mwenye yuko juu akae nyuma kwenye tandiko, avute hatamu moja taratibu amzungushe duara kama kuna nafasi. Mtu akianguka pia wote mnasimama, haijalishi mko karibu na banda kiasi gani.

Tena wakati wa kurudi bandani ndo wanaharakisha, wananusa chakula. Mwisho wa safari watu wamechoka wamejiachia, nafasi zimekufa, wote wamegandana. Yule bwana wa mguu alipigwa tukiwa tunaliona geti.

Mtaalamu wa Mifugo (mstaafu)

Niongeze kidogo kwa mtakaokwenda. Mjue kusoma masikio. Yakiwa mbele anaangalia kitu, fuata anakoangalia. Moja mbele moja nyuma anakusikiliza. Yakilala bapa nyuma, hasira hizo. Na mkia ukichapa wakati hakuna inzi, sogea.

Kijana wa Mitwero

Saisi nimerudi. Nimeenda kutazama ile video yangu ya Zanzibar. Daah. Masikio ya yule wa mbele yamelala muda wote na mimi nipo pale nacheka na kamera 😳

Saisi Mstaafu

Ndo ujue. Mshukuru yule farasi, sio muongozaji.

Mama Korosho

Nimewasomea wenzangu uzi wote jana usiku tukiwa Shangani. Wawili wameghairi, wanasema watabaki wanakunywa chai wakitupiga picha. Saba tunaenda. Kaka saisi tukae vipi kwenye mstari? Kuna mdogo wangu anajua jua kidogo, wengine wote wapya, na kuna mmoja hatoi simu mkononi.

Saisi Mstaafu

Saisi wao atakaa mbele, na ombeni wa pili akae nyuma kabisa, wasipowapa wawili kwa watu saba msipande. Mdogo wako anayejua awe wa pili kutoka mwisho, asije mbele, maana mtu anayejua akiwa nyuma anaona mambo yakianza kuharibika. Wewe kaa nyuma ya saisi wa mbele. Wa simu simu yake iingie kwenye mfuko wenye zipu kabla hajapanda, akikataa naye akanywe chai. Mwenye farasi wa utepe mwekundu awe mwisho, ana saisi tu nyuma yake. Na mkifika bandani asubuhi kila mmoja aulize jina la farasi wake na la farasi wa mbele yake, ni rahisi kusema "mvute huyo wako nyuma kidogo" ukiwa unamjua jina.

Mama Korosho

Nimeiandika kwenye karatasi. Tunaondoka tarehe 18 basi la alfajiri.